Sakafu Ikishakauka

Jumamosi ile Mama Gyutae alivaa viatu vya kutembelea, akajifunga skafu shingoni, akatangaza kwamba mtaa wa kale wa Seochon hauendewi kwa ramani bali kwa pua. Mwanawe, Gyutae, alimbebea mkoba. Hayeong, mchumba wa Gyutae, alitembea nyuma yao kidogo akiwa ameshika miavuli ya wote, ingawa mbingu ilikuwa safi. Ulikuwa mwezi wa Novemba, majani ya manjano yametapakaa vichochoroni, na zile nyumba za kale za mbao na vigae, zilizokuwa zamani za watu kulala, sasa zilikuwa za watu kula.

Foleni ya kwanza waliyojiunga nayo ilikuwa ya tambi za kukatwa kwa mkono. Mwenye mgahawa, mwanamke mnene mwenye unga hadi viwikoni, ambaye wateja wote humwita Shangazi, aliwaketisha pembeni, karibu na mzee mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu saumu. Mzee yule alikuwa mumewe. Alikufa zamani, na siku ile ilikuwa siku yake, ile ya kila mwaka ambayo marehemu hurudi kwake kula. Wafu wengine huja usiku, kama desturi inavyotaka, lakini Shangazi hulala mapema, kwa hiyo mumewe huja mchana.

Mbele ya mzee palikuwa na bakuli la wali, na katikati ya wali kijiko kimesimamishwa wima. Walio hai hawali hivyo. Mtoto akichomeka kijiko namna hiyo mezani hupigwa kibao cha mkono, maana kijiko kilichosimama ni cha wafu, na anayekisimamisha lazima awe mtu wa nyumba yao.

"Kula uende zako," Shangazi alimwambia akipita na sinia. "Watu wanangoja meza."

"Supu yako imezidi chumvi."

"Hata ulipokuwa hai ulisema hivyohivyo, kisha unakomba sufuria."

Mzee alikula mvuke wa wali mpaka ukaisha, akajifuta mdomo, akainuka, akajipenyeza kwenye foleni ya mlangoni huku akiomba radhi, akaenda zake. Shangazi alipangusa meza, akaita wateja waliofuata.

Mama Gyutae alifurahi sana. "Mmeona? Nyumba ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mimi ukoo nautazama kwa wafu wake. Wafu wakiwa wameshiba, najua na walio hai wana utu. Gyutae, hata ungeniletea binti wa mfalme, kama kwao wafu wanashinda na njaa ningemrudisha papo hapo mlangoni."

"Mama, tule basi."

"Si ninakula? Mdomo wangu una kazi mbili." Akamgeukia Hayeong. "Wewe ulisema bibi yako alifia nyumbani, eti? Mikononi mwako."

"Ndiyo, Mama," Hayeong alisema, akainamia chaza waliokuwa kwenye supu yake.

Haikuwa kweli. Aliyasema hayo siku alipopelekwa kujulishwa kwa mama mkwe mtarajiwa. Aliulizwa ghafla, na jibu la kupendeza lilikuwa karibu kuliko la kweli. Bibi yake, Bunnye, alifia katika hospitali ya wazee nje kidogo ya jiji, kwenye chumba cha vitanda vingi, siku ambayo hakuna aliyekwenda kumtazama.

Kabla ya hapo Bunnye aliishi Seochon tangu alipoolewa, katika nyumba yenye ua mdogo na mitungi ya mchuzi wa soya. Baba yake Hayeong alipopata mnunuzi wa nyumba ile, hakuna aliyethubutu kumwambia mama mzee. Bunnye hakumwamini mwanawe wala mkwewe. Alimwamini mjukuu. Kwa hiyo Hayeong, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, alitumwa kwake na sahani ya matunda yaliyomenywa. Alipiga magoti karibu naye, akamwambia: "Bibi, sakafu inabanduliwa itengenezwe upya. Utakaa mahali pengine siku chache tu. Ikishakauka utarudi."

Bunnye alimpapasa shavu, akaenda akafunga kifurushi chake mwenyewe. Hospitalini, kila Hayeong alipokwenda kumwona, aliulizwa swali moja tu. "Imekauka?" Na Hayeong alijibu, "Bado kidogo, Bibi." Halafu akapunguza kwenda.

Baada ya mazishi, baba alisema meza ya marehemu itaandaliwa mwakani, watakapokuwa wametulia katika nyumba mpya ghorofani. Mwaka ukaja, hawakuwa wametulia. Wala hakuna aliyekumbuka kumwambia Bunnye kwamba wamehama, ingawa kila mtu anajua kwamba wafu wasipoelekezwa hurudi pale wanapopajua.

Walipotoka kwenye tambi, Mama Gyutae alisimama njia panda, akanusa.

"Kule juu kuna chai nzuri ya mdalasini, Mama," Hayeong alisema.

"Mdalasini ninao nyumbani."

"Basi huku chini kuna duka la mkate wa..."

"Hayeong, mwanangu, unanivuta kama mbuzi wa sokoni. Penye foleni ndipo penye utamu. Twende kule."

Kule kulikuwa na lango la mbao ambalo Hayeong aliwahi kubanwa nalo vidole akiwa mdogo. Kafe ile ilikuwa maarufu. Hayeong alikuwa ameiona kwenye simu mara nyingi, katika picha za watu asiowajua, na kila mara kidole chake kiliisukuma picha ipite haraka.

Ua ulikuwa umeezekwa kwa kioo. Palipokuwa mitungi ya soya pamewekwa vimeza vya duara. Walivua viatu, wakapanda baraza la mbao, wakaingia kwenye chumba kikubwa, na pale ndani, upande ule wa sakafu unaopata joto kwanza, maana sakafu za nyumba hizi hupashwa moto kutoka chini, alikuwa ameketi Bunnye.

Alikuwa amevaa sweta yake ya zambarau na soksi za hospitali. Alikuwa amekonda sana, amekuwa mwepesi kiasi kwamba kila mlango ulipofunguliwa sketi yake ilipepea, naye akaishika kwa mkono mmoja. Msichana mmoja aliyeketi karibu aliomba radhi, akapitisha mkono juu ya bega lake, akachomeka waya wa simu ukutani. Bunnye aliinamisha kichwa ampishe.

"Karibuni, karibuni," aliwaambia walioingia. "Kaeni. Sakafu ni mpya."

Mama Gyutae aliketi mkabala naye. Hayeong aliketi nyuma ya bega la Gyutae.

Bwana Guk, mwenye kafe, mwanamume mpole wa makamo mwenye aproni ya kijivu, alileta kahawa na vitumbua vya mchele, kisha akaleta sinia jingine lenye bakuli la wali wa moto na kijiko.

"Huu sikuagiza," Mama Gyutae alisema.

"Ni wa bibi. Napika kila siku. Mnisaidie kujaribu." Bwana Guk alichuchumaa. "Alikuja siku yake, mwaka tuliofungua. Hakukuta meza. Na asipokula hawezi kuondoka, ndiyo maana yupo mpaka leo. Nimempa uji wa maharagwe mekundu, nimempa hata kahawa ya maziwa, hagusi. Wafu hawali mikononi mwa wageni. Kwa hiyo ninamwomba kila mteja asimamishe kijiko. Huenda siku moja akaingia mtu wake."

"Na wanajaribu?"

"Wanajaribu sana. Wengi kwa ajili ya picha."

Mama Gyutae alimsogelea Bunnye. "Bibi, huna watu wewe?"

"Ninao. Tele."

"Wako wapi?"

"Wana shughuli."

"Shughuli gani hiyo ya kumwacha mzee na njaa? Nani alikwambia uwangoje hapa?"

"Mjukuu wangu," Bunnye alisema. "Aliniambia sakafu ikishakauka nitarudi. Nikaja, nikakuta kweli imekauka. Hebu pitisha mkono. Umeona ilivyo laini? Mtoto yule hasemi uongo."

Aliwatazama wote kwa zamu, kama mwenyeji anavyotazama wageni. Kwa Hayeong macho yake hayakukawia.

"Mjukuu!" Mama Gyutae alisema, akamgeukia mwanawe. "Unasikia? Mjukuu mwenyewe sasa hivi yuko mahali anakula tambi, tumbo limemjaa. Mtu wa namna hiyo mimi sijui anajitazamaje kwenye kioo. Hayeong, wewe unaweza?"

"Siwezi, Mama," Hayeong alisema.

"Najua huwezi. Haya, nianze mimi. Bibi, samahani, naingiza mkono kwenye chakula chako."

"Ingiza, mwanangu."

Mama Gyutae alichomeka kijiko katikati ya wali. Kilisimama kidogo, kikalala. Bunnye akacheka. "Mkono wa mpishi huo. Lakini si wetu." Gyutae naye alichomeka, tena kwa nguvu, mpaka kikagusa kitako cha bakuli, na kikaanguka vilevile. Bunnye akamwambia kijana mwenye mabega kama yale angefaa kubeba mitungi.

"Zamu yako," Mama Gyutae alimwambia Hayeong. "Gyutae, toa simu, mpige picha."

"Mkono wangu una mafuta, Mama."

"Jifute. Bibi hataki mikono ya harusi, anataka kijiko."

Hayeong alijifuta. Alisogea kwa magoti mpaka mbele ya sinia, akashika kijiko. Kilikuwa bado na joto la mkono wa Gyutae. Alidhani angeweza kukiweka upande, kilegelege, kianguke chenyewe. Akakiweka upande, kilegelege. Kijiko kilinyooka, kikasimama.

Mvuke wa wali, uliokuwa ukipanda moja kwa moja darini, uliinama ukaelekea kwa Bunnye. Bunnye naye aliinama, midomo ikafunguka.

Mama Gyutae alikuwa amegeuka upande. "Shika simu vizuri, kijana, utamkata kichwa," alikuwa akimwambia Gyutae.

Hapo Bunnye aliinua macho, akamtazama mjukuu wake usoni. Alimtazama vizuri, kama mtu anayesoma bei. Uso wa Hayeong haukuwa na furaha, wala haukuwa na pole. Ulikuwa ukiomba. Bunnye aliujua uso ule. Ulikuwa wa mtoto aliyevunja kifuniko cha mtungi, anayetaka asisemewe kwa baba yake, na Bunnye hakuwahi hata mara moja kumsemea.

Akanyoosha mguu wake wenye soksi ya hospitali, kama mtu aliyekufa ganzi, akalipiga teke sinia. Kijiko kikaanguka sakafuni.

"Na huyu pia si wetu," alisema. "Lakini ana mikono laini. Ataolewa vizuri."

"Ah! Kilikuwa kimesimama?" Mama Gyutae aliuliza, akigeuka.

"Nimekiangusha mimi, mguu wangu mbaya huu," Bunnye alisema. "Lakini kilikuwa kinaanguka. Mimi nakijua kijiko changu."

Kijiko kilikuwa karibu na goti la Hayeong, kimenatana na punje za wali. Kukiokota kungekuwa jambo dogo. Bwana Guk, ambaye macho yake hayakuwa kwenye simu, hakuinuka. Alingoja muda mrefu kuliko mwenye kafe anavyomngoja mteja. Hayeong alirudi kwa magoti hadi nyuma ya bega la Gyutae. Ndipo Bwana Guk alipookota kijiko, akabeba sinia, akalirudisha jikoni.

Walikunywa kahawa. Mama Gyutae alisema vitumbua ni vizuri ila vidogo. Alisema pia kwamba mahali hapa panafaa kabisa kwa siku ya wazazi wa pande zote mbili kukutana, kwa sababu pana historia, na kwamba baba yake Hayeong atapapenda. Hayeong alisema atamwambia.

"Wewe mgeni," Bunnye alimwita, "mbona umekaa kwenye baridi? Njoo hapa." Akauvuta mto wake mwenyewe, akausogeza pale penye moto zaidi, yeye akahamia pembeni karibu na mlango. Gyutae alimsukuma mchumba wake kidogo kwa kiwiko, maana kumkatalia mzee si adabu. Hayeong alikwenda akaketi. Sakafu ilikuwa na joto la ajabu, na ilikuwa kavu. Aliketi juu yake mpaka kahawa ikaisha, na kila mlango ulipofunguliwa aliona sketi ya bibi yake ikipepea.

Walipovaa viatu, Bunnye alitoka hadi ukingo wa baraza kuwasindikiza. Miaka yote, kwenye baraza lile, watu wa nyumba wakitoka aliwaambia, "Nenda, urudi." Wageni aliwaambia vingine.

"Nendeni salama, wageni," alisema.

Gyutae alipunga mkono. Hayeong aligeuka, akaweka miavuli chini, akainama mbele ya bibi yake, akainama chini kabisa, nywele zikagusa mawe ya ua, akakaa hivyo hadi watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kumzunguka wapite.

Mama Gyutae alimtazama, akamshika mwanawe mkono.

"Unaona?" alisema. "Mzee hata si wake. Siku hizi utapata wapi msichana mwenye heshima hivi? Kweli huyu amelelewa na bibi."

Hayeong aliinuka, akaokota miavuli.

"Asante, Mama," alisema.