Taa za Breki za Domo

Jina la Domo hakupewa na mama yake. Alipewa na madereva wenzake siku alipomwambia mtangazaji, mbele ya kamera, kwamba injini aliyofungiwa msimu ule ilifaa kusagia mahindi. Watu walicheka, waamuzi wakamkata alama, na jina likamganda. Hakulichukia. Katika mbio zile za magari madogo ya saluni kila dereva akihojiwa huwashukuru wadhamini, mmoja baada ya mwingine, kisha anafunga mdomo. Domo alikuwa hajui kuufunga.

Ijumaa hiyo, baada ya mazoezi, akaulizwa habari za kona ya saba. Akasema alichokiona. Ukuta wa matairi pale, ambao kazi yake ni kumpokea dereva aliyeshindwa kona, haukuwa umefungwa kwa boliti wala kwa mkanda. Matairi yalipangwa tu, moja juu ya jingine, na nyuma yake zege tupu.

"Wanasubiri mtu afe ndio wanunue boliti," akamalizia.

Jumamosi asubuhi waamuzi wakamwita. Walikaa chumba cha juu ya gereji, feni ikizunguka kivivu, karatasi zimewekewa mawe zisipeperuke. Mwenyekiti alikuwa dereva wa zamani. Mguu wake mmoja ulibaki mfupi baada ya ajali ya ujanani, na ungedhani mtu wa namna hiyo angelielewa suala la ukuta haraka kuliko wengine. Wapi.

"Kaa, mwanangu," alisema kwa upole. "Mchezo huu una heshima yake."

"Na ukuta una boliti, mzee?"

"Ukuta utaangaliwa."

"Lini?"

"Nimesema utaangaliwa." Akamsogezea karatasi. "Saini hii, uisome kwenye kikao cha madereva. Ukikataa, timu yenu nzima inakaa nje mwaka na nusu."

Domo akaisoma. Ilisema kwamba maneno yake yalitokana na hasira, kwamba barabara ni salama, na kwamba hatarudia kuichafua kwa mdomo, kwa maandishi wala kwa ishara yoyote.

Timu yao nzima ilikuwa watu watatu. Yeye, mdogo wake wa kike ambaye ndiye fundi wa magari yote mawili, na mume wa huyo mdogo wake, Shemeji, aliyekuwa na msimu wake wa kwanza baada ya miaka sita ya kuwaoshea wengine magari akiomba nafasi. Kuwaweka watu hao nje ni kuwarudisha nyumbani moja kwa moja. Domo akasaini. Tuseme ukweli, hakuna aliyemshika mkono.

Kikaoni alisoma barua ile haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Madereva waliangalia viatu vyao. Kila mmoja alikuwa ameuona ukuta. Mwenyekiti akapiga makofi, wengine wakafuata, na kikao kikahamia kwenye mambo ya maegesho.

Shemeji akamkamata kwenye ngazi.

"Shem, mimi sielewi. Kona ya saba pamefungwa au hapajafungwa?"

Mwamuzi mmoja alikuwa anashuka nyuma yao, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Wamesema wataangalia," Domo akajibu.

"Basi poa. Kesho utanionyesha."

Hapo walikuwa wanaelewana. Redio za kwenye kofia husikilizwa na waamuzi, kwa hiyo timu hii ilikuwa na lugha yake. Kabla ya mbio kuna mzunguko wa kupasha matairi joto, magari yakifuatana polepole, na Domo siku zote alikuwa mbele ya Shemeji. Akiona mahali pabaya, mafuta yamemwagika au kokoto, aligusa breki mara tatu. Taa tatu, hapo kaa mbali. Asipogusa, pako sawa, kanyaga mafuta. Shemeji aliziamini taa zile kuliko macho yake mwenyewe, na hadi siku hiyo hazikuwahi kumwangusha.

Jumapili asubuhi mdogo wake alisimama nyuma ya gari lake, kitambaa begani, kama kila siku ya mbio.

"Kanyaga breki, kaka."

Akakanyaga.

"Tena. Haya, zinawaka zote."

Mzunguko wa kupasha matairi ulianza. Kufika kona ya saba, Domo aliona ukuta uko vilevile, hata tairi moja la juu lililokaa upande lilikuwa bado limekaa upande. Kando yake alisimama Mwenyekiti mwenyewe, na pembeni yake mtu mwenye kamera aliyoielekeza kwenye taa za nyuma za Domo. Kwa hiyo walijua. Kwa ishara yoyote, karatasi ilisema.

Mguu wake ulifika kwenye breki. Ukaigusa kidogo tu, kiasi cha kuhisi ilivyo ngumu, taa zisiwake. Akajiambia Shemeji ana macho. Akajiambia atamweleza wakirudi gereji. Akauondoa mguu, akapita.

Mzunguko wa tisa, kwenye kioo, alimwona Shemeji akijaribu kumpita mtu kwa nje, kona ya saba. Huko nje hajaribu ila dereva anayejua kwamba akiteleza atapokelewa vizuri. Gari likateleza, na matairi ya ukuta yakatawanyika. Mengine yalivuka barabara yakibingirika peke yao, bila haraka, na Domo akalikwepa moja kabla ya bendera nyekundu kupepea.

Jioni ile ile chama kinachosimamia mbio kikatoa taarifa ya kusikitika. Ilieleza kwamba usalama wa barabara ulithibitishwa na madereva wenyewe, na ikataja barua ya dereva mmoja mzoefu iliyosomwa kikaoni.

Jumatatu mchana waliruhusiwa kumwona. Wodi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Chini ya shuka mguu wa kulia ulionekana wote, na wa kushoto uliishia gotini. Mdogo wake alikuwa anakunja upya taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Shemeji akafumbua macho. Alipomwona Domo, akajaribu kutabasamu.

"Shem," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "balbu ziliungua nini? Nilizitafuta kona ile taa zako, sikuziona. Nikajua wamefunga."

Domo akavuta kiti, akakaa.

"Ni balbu, eti?" Shemeji akarudia. "Maana mimi nimewaambia hapa, shemeji yangu angeona kitu angenionyesha."

Mdogo wake aliacha kukunja taulo. Ndiye aliyesimama nyuma ya gari asubuhi ile na kusema zinawaka zote. Alimtazama kaka yake usoni, akasubiri, na hakumsaidia kwa neno wala kwa kichwa.

Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa jepesi. Ndiyo.

"Zilikuwa nzima," Domo akasema.

Shemeji akamwangalia. Kisha akageuza uso upande wa ukuta, na mdogo wake akaenda kumfungulia kaka yake mlango.