Swala Kwenye Foleni ya Josho

Usiku wa jana niliota namshitaki swala mbele ya mkutano wa kijiji, na hasira nilizolala nazo nilikuwa nazo zote.

Sababu ninayo. Ndama wangu wawili wamekufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, na Sidai, ng'ombe pekee niliyebaki naye, ana kupe hadi kwenye kope. Swala wanatoka hifadhini, wanadondosha kupe kwenye malisho yetu, wanarudi zao wazima. Nikayasema hayo, wanakijiji wakapiga makofi.

Swala anasikiliza huku anacheua. Masikioni mwake kupe wamekaa kwa safu kama wajumbe.

“Sikatai, mzee Lomnyaki,” akasema. “Nawabeba, nawalisha, nawashusha. Waulize wakishashuka wanapanda wapi.”

Nikamwuliza kupe mmoja mnene. Akanijibu kwa adabu kwamba wao hukaa kwenye ncha ya jani, miguu ya mbele juu, wakingoja apitaye. Ng'ombe wa jirani zangu huogeshwa, wananuka dawa ya josho, hawapandiki.

“Kwako, mzee, hatujawahi kufukuzwa.”

Watu wakacheka. Nikawaeleza kwamba mimi nimegoma. Mwaka elfu mbili na tatu, siku ya Alhamisi, Mwenyekiti Saitabau aliingiza ng'ombe wake joshoni mbele ya wangu, na mimi nilifika pale kabla jua halijachomoza. Niliapa ng'ombe wangu hatakanyaga tena josho lile mpaka Saitabau aniombe radhi.

“Saitabau si alikufa?” akauliza swala.

“Najua. Kaburi nilichimba mimi.”

Hapo mkutano ukawa josho. Swala mia wamepanga foleni, kila mmoja na kadi yake ya kuogeshea mdomoni. Nyuma kabisa yupo Sidai. Swala wa mbele akaitema kadi yake chini.

“Mpitishe wako kwanza,” akasema. “Sisi tutangoja.”

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikamsukuma Sidai kwa mikono miwili, akatumbukia, maji yakanirukia hadi mabegani.

Nikaamka. Kumekucha. Mke wangu ameketi kitandani, ananinusa kiganja.

“Baba Nanyori, mkono unanuka dawa ya josho. Umeacha lini kugoma?”

“Sijaacha,” nikasema, nikaenda kutafuta kamba ya Sidai.