Mwenyeji wa Milimani

Mwalimu Heche alifundisha jiografia Tarime miaka nenda miaka rudi, na yeye mwenyewe hakuwahi kutoka nje ya nchi ila mara moja, alipovuka mpaka wa Sirari kumfuata ng'ombe aliyepotea, na safari ya namna hiyo mtu haihesabu. Lakini Kanada aliijua. Aliijua mito yake, ngano yake, na reli yake inayotoka bahari hii mpaka bahari ile. Katika atlasi yake kulikuwa na picha moja ya rangi, ziwa la buluu chini ya milima yenye theluji, mahali panapoitwa Banfu. Kila mwaka alipofika ukurasa ule sauti ilimshuka, na wanafunzi wakajua kwamba siku hiyo hakuna atakayechapwa.

Basi mwaka wa sabini na sita, hata hajamaliza kuzoea kustaafu, mwaliko ukaja kwa barua. Danieli, kijana wa Kikanada aliyewahi kuja kufundisha hesabu na kukaa nyumbani kwao Nkende, akila ugali wa mtama wa Ghati, mke wa Heche, mpaka mashavu yakamjaa, hakuwa amewasahau. Yeye na wazazi wake walikuwa wamekwisha lipia ndege ya watu wawili. Baba na mama waje wapumzike, wazunguke nchi kwa treni, wafurahi. Walichotakiwa kufanya ni kuchagua tu wanakotaka kupita na watalala wapi kwa siku ngapi, ili yeye apange mapema.

Heche alisoma barua hiyo amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaenda jikoni kumwambia mkewe. Ghati alikuwa anasonga ugali. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha mwiko, akauliza swali moja.

"Huko kote, tutafikia kwa nani?"

Kwa Danieli, Heche akajibu, si ndiye anayetualika. Na baada ya kwa Danieli? Baada ya hapo, hotelini. Ghati akaweka mwiko chini. Hoteli aliyoijua yeye ilikuwa ile ya stendi, ya chai na maandazi, na nyuma yake vile vyumba ambavyo mwanamke mwenye heshima zake hapiti mbele yake hata kama njia ni ya mkato. Kwao Ghati, mtu anayelala katika nyumba ambayo hakuna anayemjua hata baba yake, ama ameiba mahali, ama amefukuzwa kwao. Akasema penye mwenyeji atakwenda, hata kama ni mbali kiasi gani. Pasipo na mwenyeji, Baba Rhobi, kama alivyomwita mumewe, aende mwenyewe, awasalimie.

Na Ghati akisema, amesema. Heche alimjua tangu alipomtolea ng'ombe.

Angeweza kwenda peke yake, ndiyo. Wanaume wengine wangefunga sanduku siku ile ile. Lakini Heche hakutaka, hakutaka kabisa. Kuliona lile ziwa halafu arudi kumweleza mkewe kwa mikono, hivi na hivi, maji yalikuwa hivi! Alijiona akifanya hivyo na moyo ukamwuma. Bila Ghati safari haikuwepo. Kwa hiyo akafanya ambalo mwalimu yeyote angefanya: akafungua atlasi mezani, akaanza kuwatafuta wenyeji wa Kanada akiwa Nkende.

Msicheke. Walipatikana.

Wa kwanza alikuwa Danieli mwenyewe, Toronto, huyo hakuwa na neno. Wa pili alitoka kwa sista mmoja wa misheni, ambaye kaka yake analima ngano huko Manitoba, shamba ambalo ukisimama katikati huoni mwisho. Ghati alitaka kujua kama huyo kaka ana mke, na kama mke ana moyo wa wageni. Sista akaapa kwamba anao. Ikapita.

Wa tatu alipatikana Nyamisangura, kibarazani kwa Maftah, fundi cherehani. Maftah alishona miaka yote kwenye baraza la duka la Bwana Nurali, muuza vitambaa, mpaka Nurali alipohamia Kanada na familia yake, mji wa Kalgari. Fundi alitoa pini mdomoni, akasema mwalimu usihangaike, mwambie tu unatoka barazani kwa Maftah, hutalala njaa. Halafu akampima Heche suruali papo hapo, kwa sababu alisema mtu hawezi kwenda kwa Nurali amevaa kitu kama kile.

Wa nne aliwapeleka Mugumu. Walipanda lori la ushirika, Ghati mbele na dereva, Heche nyuma na magunia, wakatimuliwa vumbi mpaka mtaa wa Morotonga, kwa Tamimu, anayeendesha wazungu kuangalia wanyama. Tamimu aliwaamkia shikamoo, akawaketisha, akawasimulia juu ya mzee na bibi wa Vankuva ambao gari lao lilizama matopeni masika, wakalala nyumbani kwake, wakala pilau ya mkewe Sabaha kwa mikono. Walipoondoka walisema siku mkija kwetu, karibuni. Wazungu husema hivyo, Tamimu akaongeza kwa uungwana, ni maneno ya kuagana. Lakini Ghati alikuwa amekwisha sikia. Kwake mtu aliyekula kwako akasema karibu, amekula kiapo. Vankuva nayo ikapita.

Mji mzima ukaingia safarini. Ghati akaanza kupanga zawadi za kila nyumba: karanga, ulezi wa uji, kikapu kwa mke wa mkulima, na kuku hai kwa Nurali, mpaka Heche alipomwapia kwamba ndege haibebi kuku. Kwenye mkutano wa nyumba kumi, Nyangwine, balozi wao, mtu wa kuchokoza, aliuliza kama kuzunguka nchi ya watu kwa kujifurahisha tu si ubepari. Ghati akasimama akamjibu kwamba wao hawaendi kujifurahisha, wanakwenda kutembelea watu, na kama kutembeleana si ujamaa, basi Nyangwine awaeleze ujamaa ni kitu gani. Watu wakapiga makofi. Heche naye alipiga, ingawa yeye, kusema kweli, alikuwa anakwenda kujifurahisha.

Ikabaki Banfu.

Banfu, ndugu zangu, ndiyo ile picha. Wenyeji wote waliopatikana walikuwa huku na huku, na pale katikati, kwenye ziwa lenyewe, hakuna mtu. Sista hakumjua yeyote. Tamimu alikuna kichwa. Maftah alitaja jina, kumbe ni la mtu wa Nairobi. Ghati, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema basi hapo watapita na treni bila kushuka, wataliona dirishani. Heche akaangalia ile picha. Miaka yote ile, kumbe aje alione dirishani.

Hapo ndipo mzee wetu alipojitia kitanzi. Jicho lake liliteleza juu ya ramani, likaangukia mto mrefu wa kaskazini, mto Makenzi, na mdomo ukatangulia akili. Akasema, loo, amekumbuka, kuna mzee Makenzi. Nani? Mzee Makenzi, jamaa yake Danieli kwa upande wa mama, anakaa pale pale Banfu. Ghati akafurahi. Akauliza ana watoto wangapi. Heche, ili kufupisha mambo, akasema hana. Mke? Alikufa. Anaishi na nani? Peke yake.

Alidhani amefunga mlango, kumbe ameubomoa. Maana mzee mjane, hana mtoto, yuko peke yake kwenye theluji, huyo Ghati angemwachaje? Asubuhi alipoamka neno la kwanza lilikuwa Makenzi. Nani anamchotea maji? Miguu haimwumi kwa baridi ile? Sokoni wanawake wakawa wanamwuliza Heche hali ya mzee. Maftah akamshonea Makenzi koti la kitambaa kizito kwa kukisia, akitumia kipimo cha Heche, akakataa malipo, akasema ni sadaka. Heche alilipokea kwa mikono miwili na jasho likamtoka. Usiku alikuwa akijigeuza kitandani akimtukana mto ambao haujamkosea chochote.

Bado alijipa moyo. Alijiambia wakifika huko atasema mzee amesafiri. Au amekufa, Mungu amrehemu. Mtu mwenye akili zake, mwalimu, anapanga kumwua mto!

Kisha siku ya mwisho ikafika. Kesho yake sista angekwenda Musoma na angewapostia barua ya kumjibu Danieli. Heche alikaa mezani na kalamu, nyumba imejaa kama kawaida. Tangu waoane nyumba ile haikupata kukaa bila mgeni: wajomba waliokuja hospitali, mashemeji waliokuja mahakamani, watoto wa kijijini waliokuja kusoma, na siku zingine Ghati mwenyewe alilala jikoni kwenye mkeka kwa kuwa vitanda vimekwisha. Siku hiyo walikuwapo vijana wawili wa dada yake Heche na bibi mmoja aliyekuja kung'olewa jino. Ghati aliwagawia chakula wote, akanawa, akaja mezani ameshika kitu kwenye kanga.

Kilikuwa kibuyu cha mama yake. Heche alikifahamu vizuri, kibuyu cheusi cha maziwa mgando, kimezungushiwa shanga shingoni. Mama yake Ghati alimkabidhi siku ya kuolewa, na neno lake lilikuwa moja: maziwa ya humu ni ya mgeni. Tangu siku hiyo Ghati alikisafisha, akakifukiza, akakijaza, akawamiminia wakwe, walimu, viongozi wa chama, Danieli mwenyewe. Yeye hakuwahi kuonja hata tone.

Akakiweka mbele ya mumewe. Akasema amefikiri sana. Hao wengine wana wake na watoto, karanga na vikapu vinawatosha. Lakini Makenzi hana mtu. Hiki atapewa Makenzi, akae nacho.

Kalamu ikamwanguka Heche. Koti angeweza kulibeba, na salamu za sokoni pia. Lakini kumwacha mke wake atoe kitu cha mama yake kwa mstari wa buluu kwenye karatasi, hapana. Kama safari inakufa, acha ife. Alisema kwa sauti ya mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Mama Rhobi, Makenzi hayupo. Ni mto."

Akamwonyesha kwa kidole. Ghati aliinama juu ya atlasi, akaufuata ule mto kutoka chanzo mpaka baharini, taratibu, kama mtu anayemtafuta mzee kwenye kila kona. Halafu akamtazama mumewe. Alikasirika, tusidanganyane. Alimwambia kwamba amemfanya mjinga mbele ya soko zima, kwamba amemliza kwa ajili ya mjane asiyekuwepo, na kwamba koti la Maftah atalivaa yeye Heche mwenyewe, Tarime hii hii, juani, mpaka aelewe. Heche aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Alisema tu kwamba aliogopa wataliona ziwa dirishani, na aliogopa zaidi kuliona bila yeye.

Chumba cha pili bibi wa jino alikuwa anaguna, na mmoja wa vijana akapiga kelele kuuliza kama bado kuna mboga. Ghati akaitikia kwamba ipo chini ya sinia. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na jambo lingine.

Akauliza, kwa hiyo pale Banfu hakuna mtu kabisa? Hakuna, Heche akasema. Hakuna wa kutupokea? Hakuna. Nyumba ya kulala ni ya kulipia, wana vitanda, wanapika wao? Wanapika wao. Na huko hakuna atakayetujua, atakayesikia tumefika akaja na watoto wake? Heche akasema kwa huzuni kwamba hakuna hata mmoja, watakuwa wao wawili tu, tangu asubuhi mpaka jioni.

Ghati alikaa kitini. Alikaa vizuri, akaegemea, jambo ambalo Heche hakukumbuka lini alimwona akilifanya. Alikitazama kibuyu muda mrefu, kidole chake kikizunguka kwenye shanga, na Heche, ambaye alidhani anajua kila kitu kilichomo ndani ya mwanamke yule, akaona macho ya mkewe yamejaa maji na mdomo wake unacheka.

"Manitoba punguza," akasema. "Vankuva punguza. Hata kwa Nurali punguza. Siku zote hizo peleka Banfu."

Heche alishika kalamu, akaanza kufuta na kuandika upya. Akauliza, kwa uoga kidogo, na kibuyu je, kibaki nyumbani?

Ghati akakichukua, akakifunga tena kwenye kanga yake, fundo gumu la safari.

"Kinakwenda," akasema. "Tukifika pale kwenye ziwa lako, utanitafutia maziwa, na utanimiminia mimi."