Nguzo ya Arobaini na Moja

Baba alishusha kioo mara tu tulipoiacha lami, akatoa mkono nje. "Bahari iko kushoto," akasema. "Endesha taratibu, mama. Barabara hii haitaki haraka."

Mwenye haraka nilikuwa mimi, siku zote. Miaka mitatu aliniomba nimlete huku, na miaka mitatu sikukosa sababu. Mwaka jana, mwezi wa tano, nilimwambia gari bovu. Gari lilikuwa zima. Mbovu nilikuwa mimi.

Aliwahi kuwa msimamizi wa kikosi kilichojenga barabara hii ya pwani, na kila nguzo ya kilomita aliimimina mwenyewe. Mama alikuwa mpishi wa kambi. Walipofika ya arobaini na moja, mama alibandika kiganja chake kwenye zege bichi, utani tu, na baba akagoma kukifuta. Uchumba wao ulianzia hapo. Sasa mama hayupo, macho ya baba yamezimika, na alichotaka ni kukigusa kile kiganja.

Tulipita mabwawa ya chumvi yaliyokauka, na mbuzi waliolala katikati ya njia kana kwamba wamepangishwa. Kwa saa mbili hatukukutana na gari hata moja. "Sasa kuna mteremko," baba akasema, na mteremko ukaja. "Sasa kona, ina mawe." Kona ikaja na mawe yake. Niliona haya, maana katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu kazi yake.

Mbele kidogo njia ikakatika. Palikuwa na mapipa mawili, kamba nyekundu, na fundi wa barabara aliyekalia ndoo. Nikamwacha baba garini, nikashuka kuuliza.

"Arobaini na moja?" fundi akasema. "Dada, huko mbele bahari imekula ukingo wote. Imeondoka na nguzo tatu."

Ilinipasa nirudi nimwambie. Badala yake nilimshika baba mkono, nikampeleka kwenye nguzo iliyokuwa hatua chache nyuma ya gari, imelika kwa chumvi.

"Ndiyo hii, baba," nikasema. Ulimi hauna mfupa.

Akapiga goti. Akapapasa juu, akapapasa ubavuni, bila pupa. Kidole chake kikaingia kwenye tarakimu, kikaifuata tatu, kisha nane. Ndipo nilipokumbuka kwamba tarakimu hizo alizichora mwenyewe, kwa msumari. Nilitamani ardhi inimeze. Baba alikilaza kiganja chake pale pasipo na alama yoyote, akakiacha kwa muda, kisha akaninyooshea mkono nimwinue.

"Imefutika," akasema. "Chumvi haina adabu."

Tulipokuwa tunageuza gari akamwita yule mtu kupitia dirishani. "Fundi, arobaini na moja ilianguka lini?"

"Mwaka jana, mzee. Mwezi wa sita, mwanzoni."

Baba akamshukuru, akapandisha kioo. Bahari sasa ilikuwa kulia, upande wangu. Tulikwenda kilomita nyingi hivyo, mimi nikitafuta pa kuanzia.

"Baba, nisamehe," nikasema mwishowe.

"Endesha, mama," akajibu. "Sasa unaweza kukimbia."