Uji wa Siku Tisa

Mjukuu wangu Beverly amekusanya habari za ukoo wetu mwaka mzima ili zichapwe kitabu, kila nyumba ipate nakala. Kabla ya kupeleka kurasa kwa mchapishaji mjini Migori, alikuja kwangu Kosele kunisomea. Yote yalinipendeza mpaka akafika kwenye ukurasa wa uji.

Ukurasa huo ulisema kwamba mwaka wa sabini na nne nilimzaa Roseline, mama yake Beverly, kisha nikashikwa na malaria, na wifi yangu Bitutu, msichana wa miaka kumi na miwili, akanipikia uji siku tisa. Ndivyo ukoo wote unavyosimulia. Hata kanisani Bitutu ameshasifiwa kwa uji huo.

Lakini aliyepika ni baba mkwe. Mume wangu Nashon alikuwa Macalder akichimba dhahabu, na mama mkwe alikuwa ameshafariki. Kwetu Wakisii baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana wake, sembuse kumpikia. Mimi nilimwona kwenye ufa wa mlango. Aliweka bakuli kizingitini, akakohoa mara moja, akageuza uso, akaenda zake. Uji ulijaa madonge, nikaumaliza wote. Sikuwahi kumshukuru, maana ningemwaibisha, na akafariki hivyo hivyo.

Sasa nikisema kweli, namvua Bitutu sifa ya miaka hamsini. Nikinyamaza, mzee anabaki kitabuni mtu wa ng'ombe na mashamba tu. Nikamwambia Beverly asipeleke kwanza. Twende Sori, kwa Bitutu.

Tulimkuta akigeuza omena, wale dagaa wa ziwani, juani. Akaniuliza nimekuja kumzika nani, mbona nimevaa kilemba cha kanisani. Beverly alipomsomea ule ukurasa, Bitutu akaanza kugeuza omena alizokwisha kugeuza.

"Bitutu," nikasema, "mimi nilimwona baba."

Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Na ukakaa kimya miaka yote hii, Mama Roseline? Na mimi nilidhani nakusitiri wewe."

Kumbe mzee ndiye aliyemwagiza aseme amepika yeye, ili mke wa kaka yake asione haya. Sifa zikaja nyingi, mtoto akashindwa pa kuzirudisha. Tena, alisema, kukoroga uji hajui vizuri hata leo, waulize wajukuu wake.

"Andika ni baba," akamwambia Beverly. "Lakini kuni nilileta mimi. Usinitoe kabisa."

Beverly akafuta, akaandika upya. Alipouliza jina kamili la mzee, Bitutu ndiye aliyelitaja, kwa kuwa mimi mkamwana silitaji. Kisha wote wawili wakaningoja. Nikamwambia aongeze mstari mmoja chini ya jina hilo: mkamwana wake anashukuru, uji ulimfikia.