Chuchu za Émile

Muuguzi alitoka mlangoni, akaangalia benchi lote la wagonjwa, akauliza kwa sauti ya kuuzia samaki:

"Nani njo wa chuchu?"

Émile hakuinua mkono. Kwenye benchi kulikuwa na mama mwenye mtoto anayeharisha, mzee aliyefungwa kitambaa mguuni, na vijana wawili walioanguka na pikipiki kwenye barabara ya Bafwasende. Wote walianza kutazamana vifuani.

"Naita mara ya mwisho. Wa chuchu!"

Akasimama. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na jua lilikuwa la saa sita, lile linalolainisha lami.

"Papa, bon courage," kijana mmoja wa pikipiki akamtia moyo. Mwenzake alicheka mpaka akashika mbavu zake zilizoumia, na Émile aliingia ndani akimwombea ziendelee kumuuma.

Alikuwa mtu wa Yanonge, amepita miaka arobaini, muuzaji wa nyavu na nailoni pale bandarini Kisangani. Mabega yalikuwa ya mpiga kasia, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Lakini tangu ujana chuchu zake zilikuwa ndefu kama ncha ya kidole kidogo, na nene. Shati jepesi zililisukuma mbele. Fulana ikilowa jasho, zilionekana kabla hajaonekana mwenyewe. Ndiyo maana ya koti. Watu wa bandarini walimwita Papa Koti, wakadhani ni maringo. Hajawahi kumsahihisha mtu.

Angeendelea hivyo mpaka kaburini kama si Georgette. Georgette alikuwa mjane kama yeye, muuza vitenge sokoni, mwanamke wa Butembo mwenye mdomo usiolala. Walikuwa wamekubaliana. Familia mbili zilikuwa zimekutana, soda zikanywewa, tarehe ya harusi ikapangwa. Likabaki jambo moja: kanisa la Georgette halifungishi ndoa kwa mtu ambaye hajazamishwa mtoni. Émile alieleza kwamba padri alimmwagia maji kichwani akiwa mtoto mchanga.

"Ile ni kunawa," mchungaji alimjibu.

Kuzamishwa kwenyewe hakukumwogopesha. Mto alizaliwa nao. Kilichomwogopesha ni kanzu nyeupe. Alikwenda mara moja kutazama ubatizo wa wengine, akaona wanaume wakitoka majini kitambaa kimewaganda, mtu anaonekana mpaka kitovu, na ukingoni waumini wamesimama na simu zao wanapiga picha za kutuma kwa ndugu Kinshasa. Alimwomba mchungaji kanzu nyeusi. Mchungaji akamuuliza kama anabatizwa au anazikwa. Émile alirudi nyumbani kutunga uongo.

Ubatizo wa kwanza alisema ana malaria. Wa pili alisema kuna kilio Yangambi. Wa tatu ulipokaribia hakuwa na uongo uliobaki, akaenda kwa tonton Évariste, mdogo wa baba yake, akamweleza kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Jambo njo hiyo tu?" tonton alisema. "Mi nilikuwa na chunjua hapa shingoni. Nilifunga uzi. Ikakauka, ikaanguka yenyewe, kuku akaila."

"Tonton, hii haiko chunjua."

"Nyama ni nyama. Damu isipofika, inakufa. Weye muuza nailoni unauliza uzi iko wapi?"

Émile alikubali kwa sababu alikuwa amechoka kufikiri. Alichukua nailoni nyembamba, ile ya wavu wa samaki wadogo, akafunga chuchu zote mbili kwenye shina. Na mkono wa mtu wa nyavu unajua fundo moja tu: lile linalokaza likilowa, ili samaki asilifungue. Alivaa koti lake akaenda kazini. Jasho likafanya kazi yake. Alipotaka kufungua, fundo lilikuwa limezama ndani ya nyama, na wembe haukupata pa kupita.

Daktari Liévin, kijana mwenye miwani, aliinama juu ya kifua chake, akagusa uzi kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Nani alikufunga hivi?"

"Mi mwenyewe."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Toa kwanza uzi, Docteur. Tutazungumza nyuma."

Alimchoma sindano ya ganzi, akakata uzi kwa mkasi mdogo, akasafisha. Chuchu ya kulia ilikuwa imevimba kama pilipili mbichi. Ya kushoto ilikuwa imegeuka zambarau kwenye ncha na kutoa maji. Kwa ukubwa, sasa zilikuwa mara mbili ya zile alizozikimbia. Émile aliziangalia, akatamani kumpiga mtu, na tonton Évariste alikuwa mbali.

"Bon," alisema. "Kwa kuwa nimefika na ganzi iko ndani, zipunguze. Najua inafanyika. Niliona kwenye simu."

Daktari alivuta kiti. "Inafanyika, papa. Kuna namna mbili. Ya kwanza, tunakata ncha, tunashona. Ya pili, tunachuna ngozi ya shina kama pete, tunasukuma chuchu irudi ndani, tunashona ukingo na ukingo. Kwa mwanaume ambaye hatanyonyesha mtu, ni kazi fupi. Unalala macho wazi, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Pengine utapoteza hisia kidogo pale."

"Hisia ya nini? Kata."

"Leo hapana, nyama imevimba."

"Kesho."

Daktari alisogeza kiti karibu. Alikuwa akitazama bega la Émile, pale ndoana ilipomchana zamani. Kovu lilikuwa nene, linang'aa, limepanda juu ya ngozi kama mdudu aliyelala.

"Hiki kidonda kilikuwa kikubwa hivi?"

"Kilikuwa mchubuko. Kovu njo lilikua."

"Eh. Basi sikukati." Daktari akavua miwani. "Ngozi yako haijui kuacha, papa. Ikipona inaendelea kuota. Na kifuani ni mahali pabaya zaidi kwa kovu la namna hiyo. Nikipunguza chuchu, utaota kitu kikubwa kuliko chuchu, kigumu, kinachowasha, na hicho hutakitoa. Hata hivi vidonda vya uzi naviombea vipone bila kuota."

"Kuna daktari mwingine?"

"Wa kazi hii hasa, hapa Kisangani simjui. Nenda Kinshasa. Akiona bega lako atasema kama mi. Na huyo atakayesema ndiyo, umkimbie."

"Donc, basi, hakuna dawa."

"Kwani uko mgonjwa? Kabla ya uzi ulikuwa mzima. Vaa shati nzito. Kuna vipande laini vya kubandika juu, vinazilaza..."

"Vinakaa majini?"

"Majini gani? Weye huendi majini. Vidonda hivi visiguswe na mto mpaka vifunge kabisa."

Émile alicheka, lakini haikuwa furaha. Ametafuta njia ya kuingia mtoni bila kuonekana, na sasa haruhusiwi kuingia kabisa. Ubatizo ulikuwa Jumapili ya wiki hiyohiyo. Alifunga koti juu ya bandeji akatoka, na muuguzi akapaza sauti nyuma yake: "Papa wa chuchu, umesahau vidonge!"

Alikwenda moja kwa moja sokoni, kabla hasira haijageuka woga. Georgette alikuwa dukani kwake, amepanda kwenye stuli anatundika vitenge.

"Siingii majini Jumapili," Émile akasema.

Georgette alishuka polepole. "Safari hii nani amekufa?"

Akamwambia. Alimwambia yote kwa sauti ya chini, chuchu, koti, kanzu, uzi, bega, huku akiangalia mlango kama mwizi. Alitegemea acheke. Alikuwa amejitayarisha kwa kicheko njia nzima. Georgette hakucheka.

"Fungua nione."

Alifungua vifungo viwili. Georgette aliangalia bandeji, akaangalia juu ya bandeji, akamfunga vifungo mwenyewe, kwa nguvu, kama anayefunga gunia.

"Na kilio ya Yangambi?"

"Hakukuwa na kilio."

"Hakuna mutu alikufa?"

"Hakuna."

"Mi nililia, Émile. Nilifunga kitambaa kichwani, nikalia mutu hajazaliwa. Ile ya malaria nilikuletea supu ya mbisi, samaki ya mutoni, na sahani ilikuwa inachoma mikono." Sauti yake ilianza kupanda, na jirani wa duka la pili alinyamazisha redio yake. "Unajua wamama wa kanisa wananiuliza nini? 'Georgette, bwana wako anaogopa maji ama anakuogopa weye?' Kila dimanche, kila Jumapili! Kaka yangu Nzanzu anasema muwanaume anayekimbia mara mbili, ya tatu harudi. Mi nilibeba haya ya mwanamuke anayekimbiwa, na weye ulikuwa unaficha chuchu?"

"Weye haujui vile inauma watu wakikuangalia."

"Mi? Muuza vitenge na haya matako? Soko nzima inaniangalia toka nilikuwa mutoto!"

Jirani akakohoa. Émile naye akapandisha sauti.

"Nimekuja kukuambia ukweli," alisema. "Unataka nini tena?"

"Ukweli umenipa mi. Haya iko kwa watu. Dimanche utakuja mutoni. Sikusema uingie. Utasimama mbele, utashika megafoni ya mchungaji, utasema juu ya nini huingii, na juu ya nini hukuingia zile zingine. Weye, na kinywa chako."

"Nitasema niko na kidonda kifuani."

"Watauliza kidonda ya nini, na utadanganya tena. Utasema chuchu."

"Georgette, sitaweza."

"Basi usipite tena hapa, hata kununua kitambaa ya kupangusa jasho."

Alirudi kupanda stuli. Émile alitazama visigino vya Georgette juu ya stuli, kisha akaondoka.

Siku zilizobaki alizitumia kumchukia kila mtu. Alimchukia tonton, aliyekuja kuuliza kama zimeanguka. Alimchukia daktari kwa kusema kweli. Alimchukia Georgette, halafu alikumbuka sahani ya supu na vidole vyake vilivyokuwa vyekundu, akashindwa kuendelea.

Jumapili mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai. Waumini walijipanga ukingoni wakiimba, wabatizwa ndani ya kanzu zao nyeupe, simu tayari mikononi. Nzanzu, kaka wa Georgette, muuza jumla wa sukari na chumvi, alisimama pembeni na suti yake ya kwenda misa, maana yeye alibaki Mkatoliki. Alikuwa amekunja mikono kama mtu aliyekuja kuthibitisha jambo analolijua.

Émile alikuja na shati. Si koti. Joto lilikuwa lilelile, lakini sababu ya kuacha koti hakutaka kuijadili na mtu. Alimnong'oneza mchungaji. Mchungaji alimwangalia, akamwangalia Georgette, akampa Émile megafoni bila kuuliza.

"Mi ni Émile," alisema, na sauti ikaenda mpaka ng'ambo ikarudi. "Mimi njo wa Georgette. Leo siingii majini. Zile mara mbili sikuwa na malaria na hakuna mutu alikufa. Niko na chuchu kubwa. Kubwa sana. Niliona haya ya ile kanzu. Nikazifunga na nailoni ili zianguke. Hazikuanguka. Zimevimba. Docteur amekataza maji. Georgette hakukimbiwa. Alidanganywa. Nimemaliza."

Halafu mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa na masikio mazito, aliuliza kwa nguvu:

"Zote mbili?"

"Zote mbili, papa."

Kicheko kilianzia kwa wamama, kikapita kwa wanakwaya, kikawafikia wabatizwa ndani ya maji. Mmoja alicheka mpaka akajibatiza mwenyewe. Watu walimkodolea kifua macho mchana kweupe, akiwa mkavu, na shati lake kavu, na bandeji zikionekana kwa ndani. Ilikuwa kila kitu alichokiogopa, na ilikuwa mbaya sawasawa na alivyodhani. Hakuna kitu kilichopunguka. Alirudisha megafoni akasimama palepale, kwa sababu hakuwa na pa kwenda bila kupita katikati yao.

"Tutakungoja zipone," mchungaji alisema, akijitahidi kukunja uso. "Na kanzu ni ileile."

Wamama wa kanisa walikuwa wakimwangalia Georgette sasa, wakimpa nafasi ya kucheka pamoja nao. Georgette hakuichukua. Alipita mbele yao kichwa juu, akasimama karibu na Émile, uso wake bado umekasirika.

"Umesahau kusema juu ya supu," alisema.

"Ilikuwa tamu."

"Usinichekeshe, sijamaliza." Alimwonyesha kwa kidevu kule alikosimama Nzanzu, ambaye mikono yake ilikuwa imekunjuka na moja ilikuwa imefunika mdomo. "Tarehe mpya ya harusi utaiomba weye kwa kaka. Mi siendi na weye."

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini, zikauke?"

Émile alipumua, akaanza kutembea kuelekea kwa Nzanzu, katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka na kumpisha.