Gurudumu la Mwisho

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hatoi upepo kwenye breki. Ndivyo wasemavyo mafundi: mmoja akae kwenye usukani akanyage, mwenzake alale chini afungue na kufunga. Lakini mzee aliyeitwa Taratibu alikuwa peke yake uani tangu asubuhi, na hakutaka mtu.

Jina hilo alipewa na madereva wenzake zamani alipokuwa akiendesha malori. Wao walikimbiza magari kama watu waliofumaniwa. Yeye alikwenda mdogomdogo, akafika wa mwisho, mzigo salama na gari zima. Hakuna aliyewahi kumwona amemnyanyulia mtu mkono. Marehemu mkewe alipenda kumtania kwamba hata mbu huwaomba radhi kabla ya kuwaua.

Sababu ya kutotaka mtu ilikuwa imekaa kizingitini, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia gotini hadi vidoleni. Ni binti yake wa pekee, aliyeshushwa na teksi jana yake. Hospitalini alikuwa amesema kateleza kwenye ngazi. Kwa baba yake alijaribu kusema vivyo hivyo, akafika kwenye neno "ngazi", sauti ikamkatika. Mumewe alimsukuma. Alipoanguka, mume akashuka ngazi mojamoja, bila haraka, akaukanyaga mguu wake mpaka mfupa ukalia.

Na huyo mume si mlevi wala mhuni. Alikuwa na duka la dawa, mpole wa sauti, anayewauliza wateja hali za watoto wao kwa majina. "Ukipata mkwe kama yule, piga magoti ushukuru," watu walimwambia Taratibu, naye alishukuru miaka na miaka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa alitaka kumpeleka binti kwa shangazi yake, mbali, ng'ambo ya milima. Mpira wa breki uliokuwa umepasuka alishaubadilisha, lakini upepo ulikuwa umeingia ndani, na pedeli ikizama hadi sakafuni kama mguu kwenye tope. Kumwita jirani amkanyagie ni kumweleza safari. Jirani ana mdomo, na mdomo una miguu.

Basi akafanya kama wafanyavyo wasio na mwenzao. Alichomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili akaizamisha ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya breki, ili pedeli ikirudi juu ivute mafuta, isivute hewa. Akalegeza skrubu, akajiinua, akazunguka hadi kwenye usukani, akakanyaga polepole mara kadhaa, akarudi kuchungulia. Mapovu yakatoka kama samaki anayepumua. Akaongeza mafuta kwenye kikopo cha breki ndani ya boneti, akakanyaga tena, hata mapovu yakaisha, akakaza skrubu. Gurudumu la nyuma, la pili, la tatu. Magoti yakamlia, mgongo ukamuuma, lakini kazi ilikwenda.

"Baba, hebu nikukanyagie. Huu wa kushoto mzima."

"Kaa hapohapo. Wewe sasa hivi ni yai."

"Yai lenye njaa."

"Ngoja nimalize hili la mwisho, nikupikie yai mwenzio."

Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye teksi, na Taratibu akajifanya hakusikia ili asimkatishe.

Gurudumu la mwisho lilikuwa la mbele, upande wa dereva. Akalifungua, akalilaza chini ya ubavu wa gari, tabia ya miaka yote, maana jeki si ndugu wa mtu. Akalala chali, mkono wa kushoto juu ya tairi lile, wa kulia kwenye spana. Skrubu ndiyo kwanza imelegea, geti likafunguliwa.

"Shikamoo, baba."

Hakuhitaji kuangalia. Viatu vilivyong'arishwa vilisimama karibu na kichwa chake.

"Marahaba," akajibu, maana mazoea yana nguvu. "Ondoka hapa kwangu."

"Nimemfuata mke wangu. Ana dozi yake, ameiacha nyumbani." Sauti ilikuwa ileile ya kaunta ya dukani. "Mama, chukua mkoba twende."

"Siendi," alisema binti. Alikuwa amesimama, ameshika mwimo wa mlango.

"Baba, mwambie. Mambo ya ndani hayamalizwi uani."

"Umemvunja mguu mtoto wangu."

"Aliteleza."

"Umemvunja mguu!"

Kisha kiatu kimoja kikarudi nyuma, kikaja kwa nguvu zote, kikaipiga jeki.

Gari likashuka kama jiwe. Tairi lililolazwa likalipokea, ndiyo maana kifua cha Taratibu kilibaki kizima. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya tairi, na kidole cha mwisho kikabanwa kati ya chuma na mpira. Akapiga yowe. Alivuta mara moja, mara ya pili, ya tatu kikachomoka, kucha na ngozi vikabaki kule.

Mkwe hakumngoja ainuke. Alimpiga teke la mbavu, la pili la shingo, kimyakimya, kama mtu anayepanga maboksi. Taratibu akapapasa ardhini, akaishika chupa, akamrushia usoni mafuta yote ya breki.

Mtu yule akalia kama mbuzi. Akajishika macho, akayumba, akajikwaa kwenye jeki. Mafuta yale hubandua rangi ya gari. Machoni ni moto mtupu. Taratibu alikwisha kusimama. Mkononi alikuwa na spana ya magurudumu, na hakukumbuka kuiokota.

Pigo la kwanza lilikuwa la goti, na huenda lilikuwa la haki. La pili lilikuwa la mkono ulionyanyuliwa kujikinga. Ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mkwe akaanguka, mdomo ukagonga chini. "Baba, basi, nisamehe, baba," akasema, damu imemjaa mdomoni. Taratibu akampiga begani. Akampiga mbavuni. Kitu kilikuwa kimefunguka ndani yake, kitamu, cha moto, alichokuwa hakijui katika umri wake wote, naye hakutaka kifungwe. Alisikia binti yake akipiga kelele, "Baba! Inatosha! Baba!" Alisikia vizuri kabisa. Akapiga tena. Na tena.

Akanyanyua spana kwa mikono miwili, akilenga kichwa, ndipo binti akajitupa katikati, plasta na yote.

Hakumshika baba yake mkono, wala hakumsukuma. Alijikunja. Kidevu kifuani, viwiko vikaziba masikio, viganja vikafunika kisogo, mgongo ukageuzwa upande wa pigo. Ilifanyika upesi na kwa ustadi, kama kitu kilichofanywa mara nyingi mno. Akasubiri.

Spana ikaanguka. Taratibu akatazama mikono yake, akamtazama mwanawe aliyejikunja mbele yake kama alivyokuwa akijikunja mbele ya mwingine.

"Mwanangu, si wewe. Mimi siwezi..."

"Lete maji," alisema binti, bado hajainua kichwa. "Mengi. Ya macho."

Walimwosha mkwe macho kwa ndoo mbili. Alikuwa anapumua, kila pumzi na mluzi wake. Barabara ilikuwa tupu, majirani wote kazini, na simu ya hospitali ikajibu kwamba gari la wagonjwa limekwenda kwingine, halijulikani litarudi lini.

"Mwache," alisema Taratibu. "Mungu ndiye ajuaye."

"Akifa hapa, baba, nitaishi naye mpaka kaburini. Sitaki. Gari bado nini?"

"Gurudumu moja."

"Inuka, basi."

Akapiga jeki. Kidole kilikuwa kikimwaga damu kwenye spana, spana ikiteleza. Binti alijivuta hadi kwenye kiti cha dereva, akaunyoosha mguu wa plasta pembeni, wa kushoto akauweka kwenye pedeli. Kutoka chini, baba akaita:

"Kanyaga. Shikilia!" Akafungua, mafuta yakatema mapovu. Akafunga. "Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga."

Nyuma yao mtu alikuwa akinung'unika jina la mke wake. Mapovu yalipoisha, Taratibu alifunga gurudumu, wakamburuta mgonjwa hadi kiti cha nyuma, na baba akaendesha.

Hospitali iko chini ya mteremko mrefu. Huko chini, kwenye makutano, lori lilikuwa limekata mbele. Taratibu akakanyaga, pedeli ikamkatalia mguu, ngumu kama ukuta, gari likasimama, binti akashika dashibodi kwa mikono miwili. Mlangoni muuguzi aliuliza nani kamfanya hivi mtu huyu.

"Mimi," alisema Taratibu.

Mkwe hakufa. Jicho moja halikurudi, na goti halikunyooka tena. Alipopona alishtakiwa kwa mguu wa mkewe na kwa ile jeki, akafungwa. Lakini Taratibu naye alishtakiwa, na shahidi alikuwa mmoja.

Wakili wa baba alimwomba binti aseme hakuona vizuri. Alikuwa na plasta, ana hofu, nani angemlaumu? Binti akasimama kizimbani kwa magongo yake. Alieleza ngazi, alieleza teke la jeki. Kisha akaulizwa kama mtu yule alikuwa bado anapigana alipoendelea kupigwa.

"Hapana," alisema. "Alikuwa amelala chini akiomba msamaha. Nilimwambia baba basi, na baba alinisikia."

Taratibu aliinamisha kichwa. Ilimchoma, asiseme mtu kwamba haikumchoma. Lakini chini ya uchungu ule aliona kitu kingine: mwanawe aliyeshindwa kumaliza neno "ngazi" alikuwa amesema kweli mbele ya umati, bila sauti kukatika. Akafungwa mwaka mmoja.

Binti alichelewa kwenda kumwona. Alipokuja alikuwa anatembea bila gongo, anachechemea kidogo, amenenepa mashavuni kwa mapishi ya shangazi. Wakakaa pande mbili za meza. Taratibu akanyoosha mkono, na binti akarudisha wake nyuma kabla hajajua anafanya nini. Wote wawili waliona.

"Bado nakuogopa, baba," alisema. "Nikisikia chuma kinaanguka, nakuona wewe. Si yeye. Wewe."

"Najua."

"Lakini nimekuja."

"Nimeona, mwanangu. Asante."

Akamweleza habari za shangazi: anakoroma, anamlazimisha kunywa uji asioupenda, amemtafutia kazi kwa mshonaji. Taratibu alisikiliza, mikono yake ameiweka mapajani, mahali isipoweza kumtisha mtu. Askari alipotangaza muda umekwisha, binti alisimama, akaenda hatua chache, akageuka.

"Nikirudi nikuletee nini?"

"Sabuni," alisema baba.

"Sabuni tu?"

"Na wewe mwenyewe, ukiweza."

Binti hakuahidi. Akaitikia kwa kichwa, akatoka.